Mwalimu Xaveria na Ukoo wa Neno "Join"

Mwalimu Ludovick aliingia darasani bila kubisha hodi, akapita katikati ya madawati, akachukua dasta na kufuta nusu ya ubao. Nusu aliyoifuta ilikuwa ya Kiswahili. Ya Kiingereza aliiacha. Akakung'uta vumbi la chaki mikononi, akaomba radhi kwa Kiingereza kwa kukatiza kipindi, akatoka.

Wanafunzi wa kidato cha kwanza wakageuka kumtazama mwalimu wao. Mwalimu Xaveria alikuwa amesimama kando ya dirisha na kipande cha chaki mkononi, na waliokaa mbele wanasema walisikia kile kipande kikivunjika.

"Aliyewahi kunakili amwoneshe mwenzake," alisema. "Nakuja."

Alimkuta Ludovick kwenye baraza, anaelekea ofisi ya walimu.

"Ludovick, umefanya nini pale?"

"Madam, mimi ndiye mwalimu wa taaluma. Mkurugenzi akipita dirishani akakuta Kiswahili kimejaa ubaoni, na kipindi ni cha Kiingereza, anayeulizwa ni mimi."

"Ungeniita pembeni."

"Nimekuita pembeni mara ngapi?"

Hilo lilikuwa kweli. Alikuwa amemwita mara nyingi, na kila mara Xaveria alimsikiliza, akaitikia, akarudi darasani kufanya vilevile.

"Umenifutia ubao mbele ya watoto kama mtu anayefuta matapishi."

"Madam, sheria iko wazi. Kuanzia getini ni Kiingereza tu."

"Na asiyekijua aingie getini kwa lugha gani?"

"Ajifunze."

"Si ndicho nilichokuwa nafanya!" Sauti yake ilifika mpaka jikoni, wapishi wakatoka kuchungulia. "Nilikuwa namfundisha! Wewe ulidhani nafanya nini pale, natangaza mnada?"

Shule hiyo iko upande wa Bonga, kusini mwa mji wa Babati, hatua chache kutoka barabara ya Dodoma, nayo ni ya mtu binafsi. Mwenyewe, Mzee Tadeo, alipata mali yake kwenye madini, akajenga madarasa mazuri yenye vioo, akaweka bango kubwa la Kiingereza getini. Wazazi waliipenda kwa sababu hiyo. Wengi wao ni watu wa kuja, wafanyabiashara na watumishi wa ofisi, na walichotaka ni mtoto arudi nyumbani akiongea Kiingereza ili jirani asikie.

Alichokuwa akikifanya Xaveria siku ile hakikuwa kigumu. Kushoto kwa ubao aliandika neno "unga," lile la kuunganisha vitu, na chini yake wakapanga watoto wake: kiungo, maungio, kiunganishi. Kulia akaandika "join," na chini yake "joint," "junction," "conjunction." Akawaambia kwamba maneno ya Kiingereza yanawatisha kwa sababu wanayaona kama umati wa wageni stendi, kila mmoja na mzigo wake, kumbe mengi ni ndugu waliotoka nyumba moja. Haya yalitoka kwa Warumi wa kale. Mrumi akitaka kusema "naunga" alisema "jungo," kwa Kilatini, lugha ileile ambayo babu zao waliiimba kwenye misa bila kuelewa neno.

"Jungo, kiungo," alisema mtoto mmoja, na darasa likacheka.

"Hayana undugu wa damu," Xaveria aliwaambia. "Yamefanana sura tu. Lakini kama kufanana huko kunakusaidia kukumbuka, kushike. Joint ni nini?"

Hapo ndipo Leonia aliponyoosha mkono. Leonia alikuwa binti mrefu kutoka Sigino, ambako baba yake analima mahindi na mbaazi. Shule ya msingi alisoma huko huko kijijini, kwa Kiswahili, na hesabu alikuwa akiwashinda wavulana wote. Mjomba wake anayefanya kazi migodini ndiye aliyemleta shule ya Bonga. Tangu afike, hakuna mwalimu aliyewahi kusikia sauti yake. Siku ile alisimama.

"Joint ni kiungo, madam. Kama cha goti. Au cha kiwiko." Akasita. "Hata mchuzi nao unaungwa."

Darasa lilicheka tena, na safari hii Leonia alicheka nalo. Xaveria aliandika "kuunga mchuzi" kwenye ile orodha ya kushoto. Chaki haijatulia vizuri, Ludovick akaingia na kufuta.

Ili kuielewa hasira ya Xaveria inafaa kujua alikotoka. Alizaliwa nyanda za juu, upande wa Mbulu, mtoto wa wakulima Wakatoliki. Nyumbani walisema Kiiraqw. Kiswahili alikipata shuleni, akakipenda, akawa ndiye anayesoma masomo kanisani. Halafu akaingia kidato cha kwanza, na siku ya kwanza mwalimu wa Biolojia akamuuliza swali kwa Kiingereza. Xaveria alisimama. Jibu alilijua kwa lugha mbili na zote mbili hazikutakiwa. Alisimama hivyo kipindi kizima. Mwalimu akasema shule imepata mlingoti wa pili wa bendera. Wenzake walimwita Mlingoti mpaka alipomaliza kidato cha nne.

Wapo wanaojifunza lugha kwa kuipenda. Xaveria alijifunza Kiingereza kwa hasira. Alikisoma akichunga, alikisoma akichota maji, alikariri kamusi ya paroko hadi kurasa zikaachia. Alipokuwa mwalimu aliapa kwamba hakuna mtoto atakayegeuzwa mlingoti mbele yake. Akaolewa na Yohanes, mtu mpole mwenye duka la dawa za mifugo karibu na soko la Babati. Walijenga Nakwa, wakamzaa Evelyne, ambaye sasa yuko chuo. Yohanes alizoea. Mkewe akirudi anatembea haraka, hamwulizi kitu. Anamwekea chai na kungoja.

Siku ile ya dasta alingoja sana.

"Nataka kuacha kazi," Xaveria alisema mwishowe.

"Acha."

"Usiniambie niache! Nikiacha, wale watoto watabaki na nani?"

"Basi usiache, Mama Evelyne. Kunywa chai."

Kesho yake Mzee Tadeo alimwita. Alikuwa mtu wa kuongea taratibu, mwenye kupenda amani, hasa amani inayomfaa yeye. Alisema kuna mzazi amelalamika kwamba mtoto wake amerudi nyumbani na daftari la Kiingereza lenye habari za kuunga mchuzi. Alimtaka Xaveria aombe radhi kwenye kikao cha walimu, yaishe.

"Niombe radhi kwa kosa gani, Mkurugenzi?"

"Kwa kuvunja utaratibu."

"Leonia wa kidato cha kwanza aliongea jana. Hajawahi kuongea. Hilo nalo nimwombee radhi nani?"

"Mwalimu, wewe ni mtu mzuri. Shida yako ni moto."

Xaveria hakuomba radhi. Basi wakamwondoa kidato cha kwanza, wakampa kidato cha nne, na kidato cha kwanza akakichukua Ludovick mwenyewe. Kuanzia hapo ubao wa darasa lile ulikuwa wa Kiingereza mwanzo hadi mwisho, safi, umepigwa mstari kwa rula. Watoto walinakili kila kitu na kuitikia kwa pamoja. Leonia akanyamaza tena.

Wiki chache zikapita. Asubuhi moja, wakati wa mapumziko, wasichana walikuwa wanacheza mpira wa pete. Leonia aliruka kudaka mpira, akagongana na mwenzake, akaangukia mkono. Alisikia kitu kikitoka mahali pake kwenye kiwiko. Hakupiga kelele. Aliushika ule mkono kwa mkono mwingine, akavuta mkono wa sweta ukafunika, akaenda ofisi ya walimu.

Ndani alikuwemo Ludovick peke yake, anasahihisha madaftari. Yaliyosemwa mle ndani Leonia aliyasimulia baadaye, na Ludovick hakukana hata neno.

"Mwalimu, nimeanguka, mkono wangu..."

"English," alisema Ludovick, kalamu inaendelea.

Leonia alisimama. Maumivu yalikuwa yanampanda mpaka kwenye meno. Alitafuta neno la Kiingereza la kiungo. Alijua kwamba aliwahi kulijua, kwamba liliandikwa ubaoni upande wa kulia, kwenye ule ukoo. Alishika la kwanza lililomjia.

"Sir, my hand is join."

Ludovick hakuinua macho. Alichosikia ni kitenzi kilichokosewa mwisho wake.

"Joined," alimrekebisha. "My hand is joined. Repeat."

"My hand is joined."

"Again."

"My hand is joined."

"Good. Go back to class."

Mtoto alitaka kusema kwamba kiungo cha mkono wake kimeachia. Alichofundishwa kusema, akakirudia vizuri mpaka akasifiwa, ni kwamba mkono wake umeungwa. Akarudi darasani. Akakaa. Alikaa vipindi vyote vilivyobaki, na hata chakula cha mchana hakwenda.

Jioni kengele ilipolia Xaveria alipita kwenye baraza la kidato cha kwanza, akaona kupitia dirishani mtoto mmoja amebaki kwenye dawati. Aliingia. Uso wa Leonia ulikuwa umelowa jasho na midomo imekuwa ya kijivu.

"Leonia, una nini?"

Leonia alitazama mlangoni kwanza.

"Nimekuuliza kwa Kiswahili, nijibu kwa Kiswahili! Au nijibu kwa Kiiraqw! Una nini, mwanangu?"

Ndipo alipolia. Xaveria alijaribu kuvua ile sweta na mkono ukakataa kupita, maana kiwiko kilikuwa kimevimba kama boga changa. Aliikata sweta kwa mkasi wa ofisi. Alimbeba mgongoni mpaka barabarani, mtoto mrefu karibu sawa na yeye, akasimamisha bajaji, na njia nzima kwenda hospitali aligombana na kila kilichokuwa mbele yao: mbuzi, malori ya mahindi, trafiki, hata Mungu.

"Mbona mmechelewa?" aliuliza daktari. "Hii si ya sasa hivi. Hii ni ya asubuhi."

Kiwiko kilikuwa kimeteguka, na mfupa mdogo umebanduka pembeni. Walimchoma sindano, wakakirudisha, lakini daktari alisema wazi kwamba kuchelewa kumeharibu mambo, na kwamba huenda mkono usinyooke tena kama zamani. Wakati wanamfunga bandeji Leonia alisimulia habari ya ofisini. Alisimulia bila kumlaumu mtu, kama mwanafunzi anayeeleza kwa nini amekosa swali.

"Sikulikumbuka lile neno, madam," alisema. "Nilichanganya."

Xaveria alitoka nje, akaupiga teke ukuta wa hospitali. Siku kadhaa zilizofuata alitembea akichechemea.

Baba yake Leonia, Mzee Anselmi, alikuja shuleni kesho yake. Alikuwa amevaa koti la ibada na viatu vilivyopigwa rangi. Xaveria alimpokea getini, akamwamkia, akampeleka mwenyewe mpaka ofisi ya mkurugenzi. Alikuwa amejiandaa. Usiku kucha alikuwa amepanga yule mzee aseme nini, na asipoweza, yeye angemsemea. Ndani walimkuta Mzee Tadeo na Ludovick.

Anselmi alivua kofia, akaishika kifuani kwa mikono miwili. Kiswahili chake kilikuwa kizito, chenye lafudhi ya kwao.

"Walimu, nimekuja kuomba mnisamehe," alisema. "Huyu mtoto ni mgumu kwenye hiyo lugha. Nyumbani hatuna mtu wa kumsaidia. Mimi mwenyewe sikusoma. Mwalimu alimuuliza vizuri, yeye akajibu vibaya. Naomba msimfukuze."

Xaveria alimgeukia Tadeo, akitarajia kwamba hata mtu kama yule ataona aibu. Mzee Tadeo alitikisa kichwa kwa upole.

"Tumekuelewa, mzee wangu. Hakuna atakayemfukuza."

Alilipokea lile ombi la msamaha! Alilipokea kama mtu anayepewa kikombe cha maji.

"Mzee Anselmi," Xaveria alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko siku zote, "naomba uvae kofia yako."

"Mwalimu..."

"Vaa kofia, baba. Hawa ndio wa kuvua." Kisha akamgeukia mkurugenzi na ule udogo wa sauti ukaisha. "Mtoto amekuja ofisi ya walimu na mkono umeteguka, amefundishwa sarufi! Ameambiwa rudia, akarudia, akaambiwa vizuri! Na leo baba yake anakuja kukuomba msamaha na wewe unamsamehe! Unamsamehe nini? Nieleze, unamsamehe nini?"

"Mwalimu Xaveria, punguza sauti, kuna madarasa."

"Wacha wasikie. Nimeongea Kiswahili, wote watasikia."

Ludovick alikuwa ameinamisha kichwa. "Sikumwona," alisema. "Madam, nakuapia, sikuinua macho. Ningeuona ule mkono..."

"Hukuhitaji kuuona. Alikuambia nimeanguka. Nimeanguka, kwa Kiswahili, na wewe ni Mtanzania!"

Habari ingeishia mle ofisini kama Tadeo angepata alichotaka. Alimwahidi Anselmi kwamba shule itashughulikia matibabu, akamwomba Xaveria asilizungumze jambo hilo mjini. Xaveria alilizungumza sokoni, kanisani na kwenye duka la mumewe, mpaka wateja waliokuja kununua dawa ya kupe wakaondoka wanajua habari ya kiwiko. Na kikao cha wazazi cha mwisho wa muhula kilipofika, alinyoosha mkono kuomba nafasi.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Tadeo alijua la kufanya. Alitabasamu, akasema kwamba mwalimu anakaribishwa, ila kwa kuwa hapa ni shuleni na wazazi wanapenda kuona mfano mzuri, azungumze Kiingereza.

"Sawa," alisema Xaveria.

Akasema yote kwa Kiingereza. Kile Kiingereza chake cha kukariri kamusi malishoni kilitoka kimenyooka, cha haraka, bila kukwama. Alieleza mpira wa pete, ofisi, lile neno, vipindi vyote vya mchana, daktari. Alipomaliza, watu kadhaa wa mbele walikuwa wameinamisha vichwa. Wengine wengi walipiga makofi. Walipiga kwa furaha, wakidhani amesoma taarifa ya maendeleo.

Aliwangoja wamalize.

"Mnapiga makofi," alisema, sasa kwa Kiswahili. "Nimewaambia kwamba mtoto wa mwenzenu ameharibika mkono ndani ya shule hii kwa sababu hakujua kuomba msaada kwa Kiingereza. Ndicho mlichokipigia makofi."

Akarudia yote tangu mwanzo, kwa lugha ambayo kila mtu aliielewa. Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja alianza kulia. Tadeo alisimama akataka kufunga kikao na watu wakamwambia akae.

Lakini asidhani mtu kwamba ukumbi wote ulisimama upande wake. Mama Amira, mwenye duka la vitenge stendi, alisimama akiwa amekasirika kama yeye Xaveria.

"Mwalimu, kwa mtoto kuumia, mimi niko na wewe. Huyo aliyefanya vile ningekuwa mimi ningemzaba kofi. Lakini usituletee maneno ya kufundisha kwa Kiswahili. Mimi nimenyimwa kazi kwa sababu ya Kiingereza. Nimechekwa benki. Mwanangu hatachekwa. Nimemleta hapa aongee Kiingereza, na wakimbana, wambane!"

Huyo naye alipigiwa makofi. Xaveria alishusha sauti, maana yule mama alikuwa na jeraha lilelile lake, ila alikuwa ameligeuzia upande mwingine.

"Mama Amira," alisema, "mimi nataka aongee kuliko unavyotaka wewe. Ndiyo maana nilikuwa nampa mahali pa kuanzia."

Sijui kama walisikilizana. Kelele zilikuwa nyingi.

Mwisho wa yote ni kwamba shule ilitoa tangazo: mwanafunzi aliyeumia au anayeumwa anaruhusiwa kujieleza kwa lugha yoyote. Darasani na uwanjani sheria ikabaki palepale. Xaveria aliiita ruhusa ya kuumwa kwa Kiswahili, na kila alipoitaja alitema mate. Mkataba wake ulipokwisha haukuongezwa. Ludovick alibaki na kazi yake. Leonia hakurudi Bonga. Baba yake alimhamishia shule ya kata karibu na nyumbani, na mkono umepona, ila haunyooki mpaka mwisho. Akibeba ndoo kichwani unaonekana.

Sasa hivi Xaveria anajitolea kwenye shule ya sekondari ya serikali, ambako madarasa yanafurika hadi wengine wanakaa dirishani. Jumamosi mchana anafundisha Kiingereza kwenye chumba cha parokia pale Nakwa, kwa yeyote anayekuja: wanafunzi, mama ntilie, dereva mmoja wa lori, na Leonia akipata lifti. Hapo hakuna wa kumfutia ubao. Anaandika Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande mwingine, na akitaka anaongeza Kiiraqw katikati.

Ukoo ule wa "join" ameuendeleza mbele zaidi. Juzi aliwafikisha kwenye "injunction," amri ya mahakama inayomfunga mtu asifanye jambo. Akaingia "conjugal," neno la mambo ya mke na mume waliounganishwa, na yule dereva akauliza maswali mpaka akazuiwa. Kisha akaandika "subjugate." Aliwaambia kwamba lile neno Warumi walilitoa kwenye nira, ule mti unaowaunganisha ng'ombe wawili shingoni. Watoto wa Sigino nira wanaijua, wamewafunga ng'ombe wa kulimia tangu wakiwa wadogo. Kumtia mtu chini ya nira, kumtawala mpaka asiinue shingo, ndiyo "subjugate."

"Kumbe kuunganishwa nako kuna kubaya," alisema mama mmoja.

"Kupo," alijibu Xaveria. "Inategemea nani ameshika mjeledi." Na akalibonyeza lile neno kwa chaki mpaka ikabaki unga.

Mwezi uliopita Ludovick alikuja nyumbani kwake. Alikuja mchana, peke yake, akasimama nje ya uzio mpaka Yohanes alipomkaribisha.

"Shikamoo, dada," alisema. Shuleni hakuwahi kumwamkia hivyo.

"Marahaba."

Alikaa ukingoni mwa kiti. Alisema halali vizuri. Alisema na yeye alilelewa hivyohivyo, kwa kiboko na "repeat," na kwamba alidhani ndivyo lugha inavyoingia. Alisema amekuja kuomba msamaha.

"Mimi hukunitegua mkono," alisema Xaveria. "Nenda Sigino. Kamwambie Leonia, na umwambie kwa lugha anayoielewa. Halafu ndiyo uje hapa, na siahidi kitu."

Ludovick aliondoka bila kumaliza soda. Xaveria alimwambia mumewe kwamba Ludovick hatakwenda, kwamba anamjua.

Alikwenda. Jumamosi iliyofuata Leonia mwenyewe ndiye aliyeleta habari. Mwalimu Ludovick alifika na pikipiki, akakaa nao, akaongea sana, akalia kidogo. Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamshika mkono, akamwambia mwalimu ni mzazi, akaagiza achinjwe jogoo, wakala wote pamoja.

Xaveria alirudi nyumbani anatembea haraka. Yohanes alipoziona hatua zile akaweka chai.

"Jogoo!" alisema Xaveria kabla hajakaa. "Alimchinjia jogoo! Mtu aliyemharibia mtoto mkono!"

"Ulitaka amfanyeje? Amfukuze?"

"Ndiyo!"

Yohanes alimsogezea kikombe. Hakukigusa. Alikaa akitazama barabara inayoelekea Sigino, miguu yote miwili inapiga sakafu, mpaka chai ikapoa.